Karatasi za Mzee Zitafutwe Angali Mzima

Watu wengi hunitafuta kuhusu bima ya afya ya mzee wao siku ambayo mzee keshalazwa. Simu inapigwa kutoka nje ya wodi, anayepiga anazungumza kwa sauti ya chini, na swali ni lile lile: tunamwingizaje mama kwenye bima? Ni swali la haki, ila limechelewa. Kadi ya bima inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti, na cheti kinataka jina na umri. Huko kwenye jina na umri ndiko wazee wetu wengi walikokwama, na kukwamuka kwake ni kazi ya wiki kadhaa, pengine miezi. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kuingojea.

Naishi Pemba, upande wa Wete. Si mtumishi wa mfuko wowote wa bima na hii si ajira yangu. Nilianza kwa kumpangia karatasi shangazi yangu, wakaja majirani zake, kisha wakaanza kuja watu nisiowajua, wengine na mifuko ya nailoni iliyojaa vyeti vilivyokunjwa mpaka vikakatika. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayoyaona mifuko hiyo inapofunguliwa.

Kwanza tukubaliane kuhusu wazee wenyewe. Mtu mwenye miaka sabini au themanini leo Zanzibar amekua akijua kwamba matibabu ni bure. Hilo lilikuwa tamko la Serikali ya Mapinduzi baada ya 1964, na kizazi hicho kimelishika kama ahadi waliyopewa wao wenyewe. Ukimwambia bima, anakuuliza: bima ya nini, na spitali ni yetu? Msimcheke wala msimharakishe. Anasema kweli. Lakini mzee wa presha au sukari hahitaji daktari mara moja kwa mwaka, anahitaji vidonge kila siku ya Mungu. Siku dawa ikikosekana dirishani pa spitali, itanunuliwa dukani kwa fedha taslimu, na mwezi ujao tena, na mwezi wa tatu mtoto aliyekuwa akituma fedha naye kapungukiwa. Hapo ndipo mzee anapoanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku moja, bila kumwambia mtu. Nimewakuta wengi wanaofanya hivyo, na kiharusi hakina subira na mtindo huo. Kwa hiyo ninapozungumza na mzee sianzi na bima, naanza na dawa zake: unazipata wapi, zikiisha unafanyaje? Akishanieleza hayo, habari ya kadi inajieleza.

Sasa, milango ya kumwingiza mzee iko mingapi? Hapa pana mkanganyiko mkubwa, na redio imeuzidisha. Mwaka 2023 zilipita sheria mbili. Zanzibar tulipata Sheria Namba 1 ya 2023 iliyoanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, huu tunaouita ZHSF. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na hiyo ni ya Tanzania Bara. Afya si jambo la Muungano, kila upande una utaratibu wake. Mzee anasikiliza taarifa ya habari kutoka Dodoma, anasikia “bima kwa wote”, asubuhi anavaa kofia yake anakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake, kuulizia. Sheha hana la kumpa. Mzee anarudi ameamini kwamba amenyimwa.

Mlango wa kwanza ni ZHSF. Ilianza na watumishi wa umma, baadaye ikaingia sekta binafsi iliyo rasmi. Maana yake ni kwamba inamfuata mwenye mshahara. Mkwezi wa karafuu, mvuvi wa Kojani, mama aliyelima mwani maisha yake yote, hawa hawana hati ya mshahara ya kuonesha. Wakiingia, wataingia kwa mlango wa mtu mwingine au kwa utaratibu uliowekwa makusudi kwa ajili yao. Kwa hiyo kwa kila mtoto aliyeajiriwa huku ushauri wangu ni huu: nenda kwa afisa utumishi wako, uliza kwa maneno haya haya, “Nani katika familia yangu anaruhusiwa kuwemo kwenye kadi yangu, na karatasi gani zinatakiwa kwa kila mmoja?” Taka jibu la maandishi. Na kama umebakiza miaka michache kufika sitini, ongeza swali la pili: nikishastaafu, kadi yangu na ya mwenza wangu itakuwaje? Ni swali la kuulizwa ukiwa bado una meza kazini na mtu wa kukujibu.

Mlango wa pili ni NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Wapemba wamejaa Dar es Salaam na mikoani, wengine wameajiriwa Serikali ya Muungano. Katika utaratibu wa mfuko huo uliozoeleka kwa watumishi, mwanachama anajiandikisha yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne, na hao wanne si lazima wote wawe watoto. Wazazi wake wamo, na hata wazazi wa mwenza. Vijana wengi hawalijui hili. Wanajaza nafasi mbili kwa watoto, mbili zinabaki tupu mwaka baada ya mwaka, na mama yuko Micheweni ananunua vidonge kwa fedha ya mayai. Pia mstaafu aliyekuwa mwanachama kwa masharti ya mfuko huo anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa kitu. Wapo wajane na wastaafu waliorudi Pemba wakaisahau kadi kabatini wakidhani imekufa pamoja na ajira. Watoe. Waende nayo afisini wakaulize.

Mlango wa tatu si bima, lakini siutenganishi na haya: Pensheni Jamii. Ilianza Aprili 2016, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein, kwa kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, awe tajiri au fukara. Zilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa mpaka 50,000. Hiyo ndiyo fedha ya dawa kwa wazee wengi ninaowajua. Na karatasi zinazomwingiza mzee huko ni zile zile atakazotakiwa kwingine. Ukizitengeneza kwa ajili ya pensheni, umeshatengeneza nusu ya bima.

Basi tuje kwenye umri, maana hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Usimuulize mzee ana miaka mingapi. Atakupa namba ya kukuridhisha. Wengine wanajiongezea kwa heshima, wengine wanajipunguza kwa sababu hawataki kuitwa wazee, na wengi wanakisia tu. Muulize mambo yaliyotokea. Vita vya Ng'ombe vya Kiembe Samaki vilikuwa 1951. “Malkia mdogo”, yaani Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth wa Uingereza, alikuja Unguja 1956. Sultani Khalifa bin Harub alifariki Oktoba 1960, na baada ya hapo kuna fujo za uchaguzi wa Juni 1961. Mapinduzi ni Januari 1964. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972. Hizi tarehe ninazo kwenye daftari langu ukurasa wa kwanza, na mzee akianza kuzungumza ninasikiliza anapojiweka yeye mwenyewe: alikuwa anabebwa, alikuwa chuoni akisoma Kurani, alikuwa keshaolewa?

Mama mmoja wa upande wetu aliletwa na mjukuu wake. Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kinasema kazaliwa tarehe mosi Januari 1962. Yeye anashikilia kwamba wenzake wote wa rika wanachukua pensheni isipokuwa yeye. Mjukuu alikuwa ameshachoka: “Bibi, serikali imeandika hivi, basi tena.” Nikamuuliza bibi, Mapinduzi yalikukuta wapi? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, “Mwanangu, Mapinduzi yalinikuta nimeshahitimu msahafu, na baba alinichinjia mbuzi.” Sasa hesabu mwenyewe. Mtoto wa mosi Januari 1962 ndiyo kwanza katimiza miaka miwili wakati huo. Aliyehitimu msahafu ana miaka minane, tisa, kumi. Yule bibi ni wa 1955 au kabla ya hapo. Karani aliyemwandika zamani alimtazama usoni, akaona mama mwenye nguvu zake, akakisia, na ile mosi Januari ndiyo tarehe wanayopewa wasiojua yao. Kwa kukisia huko bibi angesubiri mpaka 2032 ili apate haki iliyokwishafika.

Ushahidi wa bibi ulikuwepo, ila haukuwa kwenye karatasi yake. Somo yake, waliyeingizwa naye chuoni siku moja, alipelekwa skuli akapata cheti, na cheti hicho kina mwaka. Mtoto wake wa kwanza ana cheti cha kuzaliwa. Kaka yake anayemfuata ana kitambulisho kinachosema kazaliwa 1958, na hakuna ukoo ambao mdogo anamtangulia mkubwa kuzaliwa. Kwa wanaume pia kuna waliotahiriwa kumbi moja. Vitu kama hivyo vikikusanywa vikapelekwa pamoja, mzee anakuwa na la kusema. Safari inaanzia kwa sheha, ambaye anamjua mtu na ukoo wake, inakwenda afisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na mara nyingi inapitia kwenye hati ya kiapo. Inachosha. Lakini nimeona inakamilika.

Na kuna jambo jingine la umri ambalo vijana wa kaunta hawalitilii maanani. Wazee wetu wengi walihesabiwa miaka kwa mwezi mwandamo. Mzee anakwambia, nimefikisha sabini Rajabu iliyopita, na anasema kweli mbele ya Mungu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku kumi na moja kuliko mwaka wa kalenda ya serikali. Katika miaka sabini upungufu huo unafika miaka miwili na kidogo. Sabini yake ni sitini na nane ya afisini, haijafika. Huyo hakudanganya, na asirudishwe nyumbani kwa maneno ya kumvunjia heshima mbele ya watu. Aelezwe, aambiwe mwaka gani arudi, na aandikiwe.

Baada ya umri ni jina, na jina lina kesi zake.

Wazee wetu wana majina mengi kwa sababu walipendwa na watu wengi. Kuna jina la msahafu, kuna jina aliloitwa na bibi yake, kuna la ukubwani. Kitambulisho kinasema Fatma, kadi ya kliniki Fatuma, cheti cha mtoto kinasema Bimkubwa. Baba yake ni Khamis hapa na Hamis pale. Karatasi za zamani zina “binti”, za sasa hazina. Kijijini hakuna anayepata tabu, lakini mashine inaona watu watatu.

Tazama linavyomuumiza kijana wa Dar niliyemtaja. Ili amwandikishe mama yake kama mtegemezi, anatakiwa aoneshe kwamba huyu ni mama yake, na kinachoonesha ni cheti cha kuzaliwa cha yeye kijana. Kwenye cheti kile, jina la mama liliandikwa na baba au mjomba aliyekwenda kuripoti uzazi, akataja jina alilozoea kumwita: Bimkubwa. Mama mwenyewe kitambulisho chake ni Fatma. Hapo fomu inarudi. Kijana anaona urasimu, anaiacha. Ukweli ni kwamba hati moja ya kiapo, yenye majina yote mawili na maelezo kwamba ni mtu mmoja, ingemaliza kesi. Nawaomba sana, kila mtoto aliyeajiriwa atoe cheti chake leo, asome jina la mama herufi kwa herufi, akilinganishe na kitambulisho cha mama. Ni jambo la dakika tano na simu moja nyumbani.

Ndoa nazo. Mzee wa miaka themanini na mkewe wameoana kwa shahidi na mahari mbele ya jamaa wote, wana wajukuu, na hawana karatasi hata moja. Zamani nani alikuwa na haja nayo? Sasa mwenza anatakiwa athibitishwe kwa cheti cha ndoa. Nimemuona bibi akilia kwa hasira, si kwa ajili ya kadi, bali kwa kuulizwa na kijana wa umri wa mjukuu wake kama ni mke wa mumewe. Watoto walishughulikie hili mapema kwa kadhi wa wilaya, wawepo mashahidi walio hai. Mashahidi wa ndoa za miaka ya sitini hawabaki wengi.

Vidole. Hili ni dogo kwa anayesimulia na kubwa kwa linayemkuta. Usajili wa siku hizi unataka alama za vidole, na mikono iliyosuka ukili, iliyochambua karafuu, iliyofunga mwani kwenye kamba ndani ya maji ya chumvi, imekwisha alama. Nilisimama nyuma ya bibi mmoja kwenye meza ya usajili. Anaweka kidole gumba kwenye kioo, taa nyekundu inawaka. Anaweka tena, nyekundu. Anakitazama kidole chake kama si chake. Yule dada wa mashine, Mungu amlipe, hakumfokea. Alilowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akamfunika vidole kwa muda, akavikausha taratibu, akavibonyeza yeye mwenyewe kimoja kimoja kwa kuvizungusha kidogo, na alipofika kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto taa ikawa kijani. Watu wote kwenye benchi walisema alhamdulillahi. Kwa hiyo mkimpeleka mzee, mpakeni mafuta mikononi usiku wa kuamkia siku hiyo, asubuhi aoshe kwa maji ya moto na sabuni, na mkifika ombeni vidole vyote kumi vijaribiwe kabla ya kukubali kurudishwa.

Na apelekwe mapema, akiwa amekula, apate pa kukaa. Wanaotoka Kojani au Kisiwa Panza wana chombo cha kuvuka kwanza, wasiambiwe “njoo kesho” kwa ajili ya nakala moja ya fotokopi. Chukueni nakala tatu za kila kitu. Nauli ya meli kutoka Mkoani kwenda Unguja, kama daktari ataandika rufaa ya spitali ya Mnazi Mmoja, nayo iwekwe pembeni na familia tangu sasa, pamoja na ya atakayemsindikiza, kwa sababu hata mwenye kadi mkononi anahitaji kufika.

Jambo moja linaniudhi na nitalisema wazi. Mkifika kaunta, mwacheni mzee ajibu. Karani akiuliza jina, watoto watatu wanajibu kwa pamoja na mama kanyamaza. Mama huyo ameendesha nyumba, amezika, amezalisha wenzake, na anajua jina la babu yake mzaa babu. Akijibu mwenyewe ndipo makosa yanapoonekana, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba Faki wa kwenye karatasi ni babu na si baba. Zaidi ya hapo, ni yeye atakayekwenda dirishani siku ninyi hamupo. Mfundisheni kadi inatumika vipi, mwambieni asiitoe kwa mtu mwingine, mwekee karatasi zake kwenye bahasha moja mahali anapopajua yeye.

Simu ndiyo mtihani mpya. Taarifa nyingi sasa zinakuja kwa ujumbe, na baadhi ya malipo pia. Kuna watu wanaopiga na kujitambulisha kuwa wanatoka pensheni au bima, wanamwambia mzee ataje namba ya siri ili “aongezewe”. Afisi ya kweli haiulizi namba ya siri. Na hata humu ndani ya nyumba, namba hiyo isizunguke kwa kila mjukuu. Mzee asiyeweza kubonyeza mwenyewe achague mtu mmoja, amtaje mbele ya wanawe wote na sheha ajue ni nani, na kila mwezi fedha ikitoka ahesabiwe mkononi mwake, noti kwa noti, kabla haijanunuliwa chochote.